Mkono Ulioambiwa Usubiri

Kyustendil, 3 Julai 1983

Dada Zdravka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mwandiko huu usikutishe, ni mimi huyuhuyu, ila naandika kwa mkono wa kushoto. Tinka amekaa pembeni ananitazama ninavyohangaika na kila herufi, na anacheka bila kujificha. Hatujambo. Cheri zilizobaki mtini siku niliyoanguka zimeliwa na ndege. Ile ngazi mke wangu huyuhuyu ameipasua kuni mwenyewe, hakutaka hata kuiona imeegemea ukuta. Mwambie Mama pilipili zake nazimwagilia na paka wake amerudi. Mguu wake unaendeleaje? Huko kwenu ghorofa ya nne anashukaje kwenda kupunga hewa?

Mpe shemeji Kiril shukrani zangu. Kidonda kimefunga na mfupa hauumi. Watu wakiuona mshono wanasema huyu ni fundi kweli. Nawaambia ni shemeji yangu, na kwamba ulinipigia kelele kwenye simu nisiguswe na daktari yeyote wa hapa mpaka nifike Sofia mikononi mwake.

Lakini kuna jambo. Kiganja cha kulia kinaning'inia kama soksi kwenye kamba. Vidole nakunja, kitu nashika, ila kufungua siwezi. Nikitaka kuinua kiganja, hakiinuki. Kidole gumba nacho kimelala. Mliponifungua bandeji wiki ile mlisema ni uvimbe. Uvimbe umekwisha.

Na nakumbuka jambo moja. Siku ile tulipoondoka, mkono umevunjika umefungwa kwa ubao, Tinka alibaki getini analia. Nilimwinulia kidole gumba kwenye dirisha la gari, kile cha kulia, nimwambie asihofu. Kiliinuka. Alikiona. Muulize shemeji hii maana yake nini.

Mimi mdogo wako,
Lyuben


Sofia, 24 Julai 1983

Mdogo wangu Lyubo,

Barua yako imefika na Mama ameisomewa mara mbili. Mguu wake haujambo, nampaka dawa asubuhi na jioni. Anashuka ngazi akinishika bega, analalamika mpaka chini, kisha anafurahi akikutana na majirani. Kiril ana kazi nyingi sana kiangazi hiki, wakubwa wake wanaenda likizo na yeye ndiye anabaki na wagonjwa. Joto ni kali, hatujaenda popote.

Sasa kuhusu mkono, nisikilize kama dada na kama daktari wa neva, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Neva zote za mkono zinatoka shingoni, mizizi mitano, zinasukana chini ya mtulinga na kuachana kwapani. Moja inakwenda kwenye msuli wa bega. Moja inakwenda kwenye msuli wa mbele, ule unaokunja kiwiko. Moja inashuka katikati ya mkono, ndiyo inayogeuza kiganja kitazame chini na kukunja vidole vingi. Moja inapita nyuma ya kiwiko upande wa kidole kidogo, ile ukijigonga unapigwa kama na umeme. Ya tano ndiyo yako. Inazunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, imelala juu ya mfupa wenyewe, halafu inashuka kwenda kwenye misuli yote inayoinua kifundo cha mkono na kufungua vidole. Mfupa ukivunjika pale, ni kawaida neva hiyo ishtuke. Kunyoosha kiwiko unaweza kwa sababu tawi la msuli huo linatoka juu zaidi, kabla ya palipovunjika.

Kiril anasema aliiona neva kwa macho yake na ni nzima. Imelala tu. Neva inayopona inasogea polepole sana, kama milimita moja kwa siku. Msuli wa kwanza kuamka utakuwa ule wa upande wa nje chini ya kiwiko, unaovimba ukinyanyua kikombe cha bia. Kisha kifundo, kisha vidole, kidole gumba mwisho. Kwa hiyo subiri. Fanya mazoezi niliyokuonyesha na vaa kile kishikizo cha kifundo hata ukilala.

Kuhusu kidole gumba kwenye dirisha la gari, ulikuwa na maumivu makali na ulikuwa umechomwa sindano. Mtu katika hali ile hukumbuka mengi.

Mpe Tinka salamu za wifi yake. Mama anasema usimwagilie pilipili jua likiwaka.

Dada yako,
Zdravka


Kyustendil, 11 Septemba 1983

Dada,

Nimechelewa kujibu, tumekuwa kwenye kuchoma pilipili na kuzifunga kwenye chupa. Mwaka huu Tinka amechoma, amemenya na amefunga peke yake. Mimi nilikuwa nakaa kitako nikikoleza moto kwa mguu. Wifi yako ametenga chupa zenu, nitazileta nikija Oktoba kwa kile kipimo cha neva ulichonipangia, cha sindano na mashine. Mama ajue paka amezaa.

Nilirudi kazini kwangu kinyozini mwezi uliopita. Nilijiambia mkasi ni mkasi. Mteja wa kwanza alikuwa yule mzee wa posta, nywele zenyewe za kuhesabu, unamnyoa kwa sababu ya heshima. Nikaingiza vidole kwenye mkasi, nikabana. Ukabana vizuri. Halafu nikataka kuufungua. Nikakaa hapo, Dada, na mkasi umebana nywele za mtu.

"Lyubo, mkasi umekwama?" akaniuliza.

"Mkasi mzima. Aliyekwama ni mimi."

Nikaufungua kwa mkono wa kushoto. Nikakata tena, nikaufungua tena kwa kushoto. Mzee akanivumilia mpaka mwisho, akashukuru, akatoka na kichwa kilichokatwa kama kimetafunwa na mbuzi. Tangu siku ile hajarudi, na wenzangu wananipa kufagia na kupasha maji.

Hilo si kubwa. Kubwa ni la nyumbani. Unajua Tinka hajasikia sauti tangu alipougua akiwa na miaka miwili, na mikono yangu ndiyo mdomo wangu kwake. Sasa kila neno linalotaka vidole vinyooke au kiganja kisimame, mimi nalitamka vibaya. Mwanzoni alicheka. Akaniambia, "Unaongea kama mlevi." Nikacheka naye. Juzi nilikuwa namweleza habari ya mkutano wa kazini, ndefu kidogo, akanitazama, akanitazama, halafu akanishika mkono ule, akauweka mezani, akasema, "Kesho." Kisha akaendelea kushona. Miaka kumi na minne hajawahi kunikatiza.

Nimemuuliza yeye kuhusu kile kidole gumba. Yeye hakuwa na maumivu, wala hakuchomwa sindano. Anasema kiliinuka.

Lyuben


Sofia, 6 Novemba 1983

Mdogo wangu,

Samahani kwa kimya. Tangu uondoke sijapumzika. Pilipili ni nzuri kuliko za mwaka jana, Mama anakula na mkate na jibini asubuhi, hataki kingine. Ameanza kukataa kuvaa miwani. Nimemwambia atamwaga supu, akanijibu bora supu kuliko kuonekana kizee.

Na sisi tuna habari. Kiril ametajwa kuwa mkuu wa idara, yule mzee wao anastaafu mwakani. Bado haijatangazwa, usimwambie mtu. Unajua amelisubiri hili kwa muda gani. Kuna watu hospitalini wangefurahi kusikia kosa lake lolote, hata la kusingiziwa.

Kuhusu kipimo cha Oktoba, nilikuambia palepale na narudia, hali inahitaji subira. Neva haifuati kalenda. Watu wengine huanza kuona dalili baada ya miezi mitano, wengine minane. Endelea na mazoezi.

Tafadhali usizunguke kwa madaktari wengine. Kila mmoja atakuambia lake, utachanganyikiwa, na mkono wako hautafaidika. Mimi niko hapa.

Mama anakubusu.

Zdravka


Kyustendil, 29 Januari 1984

Dada yangu,

Heri ya mwaka mpya ingawa umeshazeeka. Theluji imeziba mlango wa ghala, Tinka anakata njia kwa koleo kila asubuhi. Kabichi imechachuka vizuri. Mwambie Mama paka wote tumegawa isipokuwa mmoja mweusi ambaye hakuna aliyemtaka.

Kinyozini nimetoka. Hawakunifukuza, walinihamishia kwenye bafu za maji moto, nagawa taulo na kukusanya kandambili. Kazi ni ya mkono mmoja. Nisikufiche, siku ya kwanza nilijificha nyuma ya kabati nilipomwona mteja wangu wa zamani.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki iliyopita. Kuna mzee kutoka Plovdiv huja kila Januari kuloweka magoti yake, anaitwa Haralampi Sirakov. Sikujua ni nani, kwangu alikuwa mtu mnene mwenye taulo. Nikampa taulo la pili, akautazama mkono wangu badala ya taulo.

"Inua kiganja," akasema.

"Hakiinuki."

"Tangu lini?"

"Tangu Juni. Nilianguka mtini, mfupa ukafungwa bamba la chuma."

Akakaa kwenye benchi akiwa hivyohivyo na taulo kiunoni, akanishika mkono. Akanigandamiza chini ya kiwiko upande wa nje, akaniambia nikunje kama nanyanyua kikombe, yeye akinizuia. Akatafuta ule msuli wako kwa vidole. Kumbe alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi, na mpaka leo anapasua mikono hospitalini kwao.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Kabla ya kupasuliwa, kidole gumba kilikuwa kinainuka?"

Dada, sikumwambia mimi. Aliuliza mwenyewe.

"Kilikuwa kinainuka."

"Nani aliyekufunga bamba?"

"Shemeji yangu."

"Na nani anakuambia usubiri?"

"Dada yangu."

Akajifuta maji yaliyokuwa yanamchuruzika kichwani. "Una familia kubwa," akasema. Akaniandikia anwani yake, akaniambia niende haraka, kwa kuwa msuli ukikaa mno bila neva unageuka kamba tu, na baada ya hapo hata neva ifike haikuti mtu nyumbani.

Nakuandikia kabla sijaenda. Niambie wewe. Kama anakosea, niambie anakosea wapi.

Lyuben


Sofia, 19 Februari 1984

Lyuben,

Mama ana mafua, anaendelea vizuri. Barua yako aliisoma mwenyewe kabla sijarudi kutoka kazini, na imemliza. Mara nyingine andika mambo ya mkono kwa anwani ya kazini kwangu.

Sirakov namfahamu. Ni mzee mwenye ulimi mrefu na amegombana na Kiril hadharani kwenye mkutano wa madaktari. Kwamba amepata nafasi ya kumshika Kiril kupitia kwa ndugu wa mkewe, hilo kwake ni tamu kuliko maji moto ya Kyustendil. Umewahi kufikiri kwa nini mtu anakagua wagonjwa akiwa amevaa taulo?

Uteuzi unatangazwa Mei. Nakuomba jambo moja tu, ambalo sijawahi kukuomba maishani. Ngoja mpaka Juni. Ukitimiza mwaka bila mabadiliko, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa mtu wa kuaminika. Miezi minne haitakudhuru zaidi.

Nilikulea baada ya Baba kufa, nilikuvusha barabara nimekushika mkono huohuo. Unadhani ningetaka uharibike?

Zdravka


Kyustendil, 8 Julai 1984

Dada Zdravka,

Natuma barua hii kazini kwako kama ulivyoagiza. Tinka hajambo. Mama nilimsikia kwenye simu, sauti yake ina nguvu. Shemeji nimesikia ameupata ukuu wa idara, hongera kwake. Nilisubiri mpaka ukatangazwa. Sijui kwa nini nilisubiri. Uliniomba.

Mei mwishoni nilikwenda Plovdiv, Tinka akiwa nami. Sirakov alinifungua mkono. Nilipozinduka alikuwa amekaa kitandani kwangu, kofia ya chumba cha upasuaji bado iko kichwani.

"Nimeiona," akasema. "Iko chini ya bamba. Wamelaza chuma juu yake wakakaza skrubu."

"Imekatika?"

"Imesagika. Imekuwa nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo, na ngumu."

Nikamuuliza kama aliyefunga aliweza kutojua.

"Siku ile, damu ipo, mfupa umevunjika vipande, ndiyo, mtu anaweza asijue. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo mwaka wa vita, si ajabu. Mtu hukosea." Halafu akaniuliza kama nilipimwa kwa sindano, na lini. Nikamwambia Oktoba. Akavua kofia, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Oktoba ningelitoa bamba hilo na neva ingevuta pumzi," akasema. "Au ningekata kipande kibovu nikaunga kingine kutoka mguuni kwako. Sasa misuli yako ya nyuma imeshakufa njaa. Nimekupa mingine."

Hivi ndivyo alivyofanya. Wewe utaelewa kuliko mimi. Ule msuli wa neva ya katikati unaogeuza kiganja, ameung'oa mwisho wake na kuushonea kwenye kano ya kuinua kifundo. Msuli mmoja wa kukunja kifundo, ule wa upande wa kidole kidogo, ameupa kazi ya kufungua vidole vinne. Mwingine mwembamba ameupa kidole gumba. Plasta imetoka juzi. Nikitaka kufungua vidole inabidi niwaze kukunja kifundo. Nikiwaza kufungua, hakuna kitu. Nakaa mezani na Tinka, naudanganya mkono wangu mwenyewe ili ufanye ninachotaka, na yeye anaandika kwenye karatasi kila neno analolielewa. Jana alielewa sita.

Kukosea kwa shemeji nimekumeza. Kweli nimekumeza, Dada, nilikuwa kitandani siku tisa nikitafuta hasira juu yake, na sikuipata ya kutosha. Nina swali moja tu, na ni lako. Oktoba ulinichoma sindano mahali saba, ukatazama kioo cha mashine, ukaniambia nivae shati. Ulikuwa umenigeuzia mgongo. Uliona nini kwenye kile kioo?

Lyuben


Sofia, 26 Agosti 1984

Ndugu yangu Lyuben,

Nimefurahi kusikia plasta imetoka. Mama hajambo, tulikuwa naye baharini wiki mbili na akaogelea mpaka magotini. Kiril anakusalimu. Tumebadilisha mapazia sebuleni. Mwambie Tinka ule mtindo wa kola alioniandikia umependeza, fundi wa huku hakuuweza sawasawa.

Endelea na mazoezi, hasa asubuhi.

Zdravka


Kyustendil, 20 Oktoba 1985

Zdravka,

Zimepita zaidi ya siku mia nne tangu barua ya mapazia, na sikuwa na nia ya kuandika. Mama nampigia simu ukiwa kazini, wewe unajua na mimi najua unajua. Hapa hatujambo. Nimerudi kinyozini siku mbili kwa wiki, wazee na watoto, mashine ya umeme, mkasi kidogo. Kiganja kinainuka mpaka kunyooka, si zaidi. Vidole vinafunguka vyote kwa pamoja, kimoja kimoja havijui. Tinka anasema sasa sisemi tena kama mlevi. Nasema kama mgeni, mtu aliyejifunza lugha ukubwani. Maneno mengine tumeyabadili, tumetunga ya kwetu mawili. Tunaelewana. Haraka ile ya zamani, ya kugombana jikoni na kutaniana usiku taa ikiwaka, hiyo hatunayo. Kuna mambo siku hizi hatuambiani kwa sababu yatachukua muda.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu, tena kwa mkono wa kulia, kama unavyoona.

Jumamosi ya wiki iliyopita alikuja mtu kinyozini kutoka Dupnitsa, dereva wa lori, anaitwa Asparuh. Amekuja na binti yake wa miaka kumi na sita, Elitsa. Hakutaka kunyolewa. Alisema Sirakov ndiye aliyemwambia nipo, kwamba huku kuna mwingine mwenye mkono kama wa bintiye, na kwamba mimi ni ndugu wa Daktari Zdravka. Ametoka Dupnitsa makusudi, na chupa ya rakia, pombe kali ya kwao ya plamu, kunishukuru mimi kwa niaba yako.

"Kwake siruhusiwi kupeleka kitu," akasema. "Nilipeleka, akanirudishia mlangoni. Basi nikasema nimpe ndugu yake."

"Unamshukuru kwa lipi?" nikamuuliza.

Akanieleza. Nami nakueleza wewe, ingawa unalijua, ili ujue kwamba nalijua. Binti alianguka na baiskeli Septemba mwaka jana. Mfupa wa juu wa mkono, kama mimi. Akafungwa bamba Sofia. Akaamka kiganja kinaning'inia. Mkuu wa idara akawaambia ni kawaida, neva imelala, wasubiri. Wakasubiri. Januari wakaletwa kwako kwa kipimo cha sindano.

"Dada yako alimchoma hapa na hapa," Asparuh akasema, akionyesha kwenye mkono wa bintiye, "akatazama mashine muda mrefu. Akatuuliza kama kuna mtu mwingine anajua tumekuja siku hiyo. Halafu akafunga mlango. Akasema, Msisubiri hata wiki moja. Akatuandikia twende Plovdiv kwa Sirakov, akatia sahihi yake, akatusindikiza kwa ngazi ya nyuma. Huu ni mwezi wa nne tangu avunjike, akasema, bado hatujachelewa."

"Sirakov alikuta nini?"

"Neva iko chini ya chuma, imebanwa pembeni tu. Akalitoa bamba. Elitsa, mwonyeshe."

Binti akaona haya kwanza. Kisha akaunyoosha mkono mbele ya kioo changu, akainua kiganja, akafungua kidole kimoja baada ya kingine, akamalizia na kidole gumba. Kilisimama wima. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakapiga makofi.

"Dada yako ni malaika," Asparuh akaniambia. "Mtu wa kuthubutu vile, na mumewe ndiye mkuu. Una bahati kuzaliwa naye."

Nikamwambia asante. Ningefanyaje? Mtoto yuko pale anacheka. Nikaichukua chupa.

Nilikaa na jambo hili siku nane. Jioni ya kwanza nilimwambia Tinka kila kitu, ilituchukua mpaka chakula kikapoa. Alipoelewa alisema, "Labda alijifunza kwa mkono wako." Nilitaka sana iwe hivyo, Zdravka. Ningekusamehe na kukupigia simu siku ileile. Kama Oktoba ulikuwa hujui, na baadaye ukajua, basi mkono wangu ungekuwa umemponya mtoto, na hilo si haba. Lakini mashine ni ileile. Sindano ni ileile. Mwezi ni uleule wa nne tangu kuvunjika. Wewe ni daktari wa neva miaka kumi na tisa, na unachokijua hukujifunza kwangu. Ulikuwa unajua mlango wa kufunga, unajua ngazi ya nyuma, unajua anwani ya Sirakov. Kilichokuwa tofauti ni kwamba uteuzi ulikuwa umeshapita.

Zamani nilikuwa na shaka, na ilinisaidia. Nilikuwa najiambia hakuona, kioo kilikuwa kibovu, alichoka, aliogopa. Ulipomwokoa binti wa watu uliniondolea hata hiyo. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, nakushukuru na wewe kwa ajili yake, na ninaandika hivyo bila dhihaka. Ulifanya vizuri. Rakia yako ipo kabatini, sijaifungua.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba mnapanga kuja wote watatu Mwaka Mpya, na kwamba wewe ndiye uliyelitaka. Amefurahi kama mtoto. Chumba cha Mama tumekipaka chokaa na jiko la kuni limerekebishwa. Mpandishe basi la saa nne asubuhi, Tinka atakuwa stendi kumpokea, na mfungie viatu vya theluji maana njia inateleza. Atakaa anavyopenda, hata moja kwa moja.

Aje Mama peke yake.

Lyuben